Kufunga heda mpya kwenye Subaru ukiwa nyumbani, hatua kwa hatua

Kwa mtu anayetaka kufunga heda (mabomba yanayopokea moshi unapotoka kwenye injini) kwa mkono wake mwenyewe, Subaru ya injini ya EJ ni gari zuri la kuanzia. Kwenye Toyota nyingi za silinda nne, manifoldi ya moshi imebanwa ubavuni mwa injini nyuma ya ngao ya joto, na kazi inakuwa ya kupapasa nati usizoziona. Kwenye Subaru silinda zimelala, mbili kulia na mbili kushoto, na matundu ya moshi yanatazama chini. Ukishaingia chini ya gari, karibu kila nati unayoihitaji iko mbele ya macho yako.

Maelezo haya ni ya Impreza, Forester na Legacy zenye EJ isiyo na turbo, zile zilizojaa Dar es Salaam na Nairobi. Kwenye gari la turbo kanuni ni zile zile, lakini kuna bomba la kupandisha moshi hadi kwenye turbo, na nati zake zimejificha pabaya. Kama ni mara yako ya kwanza na gari lina turbo, tafuta mtu aliyewahi kuifanya kazi hiyo akae nawe.

Jambo la kulishika tangu mwanzo ni hili: ugumu wa kazi hii uko kwenye nati kuukuu. Bomba jipya linaingia kwa saa moja au mbili. Kulitoa la zamani bila kukata stadi (bolti zisizo na kichwa zilizochomekwa kwenye injini, ambazo nati hufungwa juu yake) ndiko kunakoamua kama gari litatembea kesho au litalala juu ya stendi wiki nzima. Ndiyo maana nitakaa sana kwenye kufungua, na kwenye kufunga nitapita haraka pale panapojieleza penyewe.

Kabla ya kununua

Usitegemee injini ya lita 2.0 isiyo na turbo igeuke kuwa gari jingine. Utapata nguvu kidogo, zaidi kwenye mizunguko ya juu, na injini itapanda kwa wepesi zaidi ukikanyaga. Kinachobadilika waziwazi ni mlio, na hapa wengi wanajuta baada ya kutoa pesa, kwa hiyo tuuelewe vizuri.

Injini ya EJ inawaka kwa mpangilio wa 1-3-2-4. Silinda ya 1 na ya 3 ziko kulia ukiwa umekaa kwenye kiti, ya 2 na ya 4 ziko kushoto. Kwa hiyo upande wa kulia unatoa moshi mara mbili mfululizo, kisha wa kushoto mara mbili mfululizo. Mabomba ya kiwandani ya Subaru nyingi za zamani yanaunganisha silinda za upande mmoja pamoja, tena kwa urefu usiolingana. Mapigo ya moshi yanafika kwenye bomba kuu yakiwa yamepishana ovyo, na huo ndio mngurumo wa Subaru unaotambulika hata gari halijaonekana.

Heda ya mabomba ya urefu sawa inaunganisha ya 1 na ya 2, kisha ya 3 na ya 4, ikivuka kutoka upande mmoja wa injini kwenda mwingine. Mapigo yanafika kwa zamu sawa, kila moja linalisaidia linalofuata kutoka, na injini inapumua vizuri zaidi. Lakini mngurumo unaondoka. Gari linalia laini na kali, kama injini ya kawaida ya silinda nne. Legacy za turbo za soko la Japani zilizoanza kutoka mwaka 2003 zina mabomba ya urefu sawa kutoka kiwandani, na ndiyo sababu mtu anaweza kununua Legacy GT akashangaa haingurumi kama Impreza ya jirani. Kwa hiyo chagua: unataka mngurumo, nunua heda ya urefu usiolingana, unataka injini ipumue, nunua ya urefu sawa. Muuzaji anayekuhakikishia vyote viwili kwenye heda moja anataka tu kuuza.

Ukiwa dukani, iwe Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, nenda na vitu viwili: sumaku ndogo na gasketi ya heda ya gari lako. Chuma cha pua cha daraja la 304, ambacho ndicho kizuri zaidi kwa kazi hii, hakishikani na sumaku isipokuwa kidogo sana kwenye sehemu zilizopindwa au kuchomelewa. Cha 409 kinashika, nacho si kibaya, kwa kuwa ekzosi nyingi za kiwandani zimetengenezwa kwa aina hiyo, lakini usilipie bei ya 304. Kinachong'aa sana halafu kikavuta sumaku kwa nguvu huenda ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi au kromu, na kwenye hewa ya chumvi ya pwani hakitadumu.

Gasketi iweke juu ya flenji, lile bamba la mdomoni mwa heda linalobanwa kwenye injini. Matundu ya stadi yaingiane, na mdomo wa bomba usiwe mdogo kuliko tundu la gasketi. Ingiza kidole ndani ya bomba upapase pale lilipochomelewa kwenye flenji. Ukikuta nundu za chuma zimeingia ndani, moshi utakuwa unagonga hapo miaka yote. Kisha laza flenji juu ya kioo cha kaunta ujaribu kupitisha karatasi chini yake. Karatasi ikipita kirahisi, flenji imepinda, na hakuna gasketi itakayoziba pengo hilo kwa muda mrefu. Flenji nene ni bora kuliko nyembamba, maana nyembamba hupinda ikishapata joto.

Angalia pia kama ina tundu la sensa ya oksijeni (inayoipimia kompyuta ya injini oksijeni iliyo kwenye moshi), kama gari lako linaihitaji hapo. Tundu hilo litazame juu au pembeni, lisitazame chini. Moshi una mvuke wa maji, na gari likilala maji hujikusanya sehemu ya chini ya bomba. Sensa iliyosimamishwa kichwa chini inakufa mapema.

Halafu kuna matuta. Mabomba haya yanapita chini kabisa ya injini, na baadhi ya heda zimetengenezwa kwa ajili ya nchi ambazo barabara zake ni tambarare. Uliza picha ya heda ikiwa imefungwa, ikionekana kutoka mbele, ulinganishe sehemu yake ya chini na fremu ya mbele. Ikining'inia chini ya fremu, tuta la kwanza la mtaani kwenu litaipiga. Hilo peke yake linatosha kuiacha dukani, hata ikiwa nzuri kiasi gani.

Mwisho kuhusu ununuzi: masega, yaani kile kifaa cha kusafisha moshi kilicho kwenye ekzosi. Kwenye nyingi ya gari hizi masega yako kwenye bomba linalofuata baada ya heda, na hayahusiki na kazi hii. Yaache. Utakutana na mtu atakayekwambia yatolewe ili gari "lifunguke", na mara nyingi ndiye huyo huyo anayeyanunua, kwa kuwa ndani yake kuna platinamu, paladiamu na rodiamu. Petroli yenye risasi, iliyokuwa inaua masega, iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006. Kwa hiyo masega ya gari lako yanafanya kazi yake, na anayefaidika ni mtoto anayetembea kando ya barabara.

Vifaa

Jeki ya magurudumu na stendi mbili imara. Soketi za 12, 14 na 17, na zote ziwe za pembe sita. Ile ya pembe kumi na mbili inashika nati kwenye ncha tu, na nati yenye kutu italiwa pembe zake papo hapo. Ongeza ekstensheni ndefu na fupi, kiungo cha kupindisha, mkono mrefu wa soketi, spana ya 22 kwa ajili ya sensa (ile soketi maalumu yenye mpasuo wa kupitishia waya ni bora), spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), brashi ya waya, mafuta ya kulegeza kutu, grisi ya shaba, glavu nene na miwani. Miwani hiyo ni ya lazima. Utakuwa umelala chali, na kutu itakuwa inaanguka moja kwa moja usoni.

Vipya vya kununua: gasketi za pande zote mbili, gasketi ya kiungo cha nyuma ya heda, na nati zote. Kwenye gasketi usibane pesa. Za Subaru zenyewe ni za chuma cha tabaka tabaka na zinavumilia joto. Zile nyepesi za bei ya chini hupasuka, na kuzibadilisha ni kuirudia kazi yote upya. Nunua na stadi mbili tatu za akiba. Stadi za EJ ni za milimita 10 zenye meno ya 1.25, mwonyeshe muuzaji ya zamani ukiweza.

Siku moja kabla

Gari likiwa limepoa, ingia chini upige brashi ya waya kwenye meno ya kila stadi yanayoonekana chini ya nati. Hatua hii wengi wanairuka, nayo ndiyo inayookoa stadi. Nati inapofunguka hupita juu ya meno yale yaliyo wazi. Yakiwa na kutu na udongo mkavu, nati inakwama njiani na stadi inakatika hata kama mwanzoni ilianza vizuri.

Ukimaliza, puliza mafuta ya kulegeza kutu kwenye kila nati na bolti utakayoigusa, pamoja na sensa pale inapoingia kwenye bomba. Rudia jioni, rudia asubuhi. Hesabu nati za kila upande na uzipige picha, maana idadi na mpangilio hutofautiana kati ya injini na injini.

Kunyanyua gari

Tafuta sakafu ya zege iliyo sawa. Kama ua wenu ni wa mchanga, weka mbao nene na pana chini ya kila stendi na chini ya jeki. Tofali la saruji lisikaribie gari hili. Linabeba uzito vizuri, halafu linapasuka bila kutoa dalili yoyote, na wewe uko chini. Zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe au vipande vya mbao, nyanyua mbele, weka stendi chini ya sehemu za kunyanyulia, kisha lisukume gari kwa bega kwa nguvu. Likitikisika, shusha uanze upya. Ukiwa chini, mtu mzima awepo karibu, anayejua uko pale.

Injini iwe ya uvuguvugu tu, mkono ukiweza kukaa juu ya bomba. Uvuguvugu unasaidia nati kuachia, moto utakuunguza. Chomoa waya wa hasi wa betri, fungua plastiki ya chini ya injini, na bolti zake uziweke kwenye kopo lake peke yake.

Kufungua

Anza na sensa. Fuata waya wake hadi kwenye plagi, itenganishe, kisha fungua sensa yenyewe kwa spana ya 22. Ikigoma, iache hadi bomba zima litoke. Juu ya meza ni rahisi kuliko chini ya gari. Ikishatoka, iweke mahali isipoanguka wala kuguswa na oili. Ncha yake haisafishwi kwa kitu chochote.

Ngao za joto zinafuata. Bolti zake ni ndogo na mara nyingi zimekwisha kwa kutu, kwa hiyo moja ikikatika usifadhaike. Haishiki kitu kizito.

Kisha nenda kwenye kiungo cha nyuma ya heda, pale inapokutana na bomba lenye masega, pamoja na kishikio kilicho karibu na giaboksi. Vilegeze hivi kwanza, usivitoe. Ukianza na nati za kwenye kichwa cha injini huku nyuma kumebana, bomba linavuta stadi kwa pembeni na meno yake yanaumia.

Sasa nati za kichwa cha injini, na hapa punguza mwendo kabisa. Nyingi ni za 14. Bamiza soketi iingie hadi mwisho, hakikisha imekaa wima, kisha vuta taratibu bila kushtua. Nati ikijongea robo mzunguko, usifurahi ukaendelea kuvuta. Irudishe ndani kidogo, puliza mafuta, itoe tena kidogo zaidi, irudishe. Kwenda na kurudi huko kunasaga kutu na kuisukuma nje. Mkono utakuambia: nati inayofunguka vizuri inazidi kuwa nyepesi, na inayoelekea kukata stadi inakuwa na unyumbufu, kama inakubali lakini hairudi. Ukiusikia unyumbufu huo, simama hapo hapo.

Nati ya namna hiyo inahitaji joto. Futa kwanza oili na grisi yote iliyoganda eneo hilo, weka kizimamoto karibu, na elekeza tochi ya gesi kwenye nati yenyewe pembeni, si kwenye ncha ya stadi. Unataka nati itanuke kuliko stadi iliyo ndani yake. Usikae muda mrefu. Kichwa cha injini ni cha aluminiamu, ambayo inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi na inalainika mapema zaidi ya hapo. Toa moto, kisha gusisha mshumaa kwenye meno; nta inayeyuka na kunyonywa ndani palepale mafuta yaliposhindwa kufika. Subiri ipoe kidogo, jaribu tena. Na usitumie tochi pale ulipopuliza dawa ya kusafishia breki. Baadhi ya dawa hizo zina klorini, na zikipata joto kali zinatoa gesi ya sumu.

Stadi ikitoka nzima pamoja na nati yake si tatizo. Utarudisha mpya. Ikikatika huku imebaki kipande nje, shika kipande hicho kwa koleo la kujifunga, pasha joto, zungusha. Ikikatika sawasawa na uso wa kichwa, usishike drili kwa hasira. Njia nzuri ni kumwita mchomeleaji mwenye mkono mzuri achomelee nati mpya juu ya kisiki hicho, kupitia tundu la nati. Chuma kitashikana na chuma na hakitashikana na aluminiamu, na joto lenyewe litailegeza stadi. Hakikisha betri imechomolewa, na waya wa ardhi wa mashine ufungwe kwenye injini karibu na kazi. Ukilazimika kutoboa, piga alama katikati kabisa kwa senta panchi, tumia kipande kipya cha drili, anza na chembamba. Meno ya aluminiamu yakishaharibika dawa yake ni kuwekewa meno mapya ya chuma, na hiyo ni kazi ya karakana ya mashine.

Nati mbili za mwisho, moja kila upande, ziache zimeshikilia kwa mizunguko michache. Weka jeki na kipande cha mbao chini ya bomba, kisha uzitoe. Bomba la kiwandani ni zito kuliko linavyoonekana, na wewe umelala chini yake. Lishushe na jeki, lisogeze pembeni. Usilitupe wala kuliuza.

Kusafisha

Ziba matundu ya moshi kwa vitambaa safi. Ondoa mabaki ya gasketi kwa kikwangulio cha plastiki au cha mbao ngumu. Grenda na msasa wa mashine haviruhusiwi hapa; aluminiamu ni laini, na shimo dogo unalolichimba leo ndipo moshi utakapopitia. Uso ukiwa safi, pitisha kidole: usisikie nundu wala mkwaruzo wa kukata kutoka ndani kwenda nje. Stadi zilizotoka zirudishe mpya kwa mkono hadi ziishe, halafu uzikaze kidogo tu. Toa vitambaa. Vihesabu vilipokuwa vinaingia, uvihesabu vikitoka.

Heda mpya yenyewe ioshe kwa thina kwanza ndani na nje, kuondoa mafuta ya kiwandani, na baada ya hapo ishike kwa glavu safi. Alama ya kidole yenye jasho kwenye chuma cha pua huungua na kubaki hapo daima.

Kufunga

Jaribu kwanza bila gasketi. Nyanyua heda kwa jeki, iingize kwenye stadi, uone kama inakaa bila kulazimishwa na kama mdomo wa nyuma unakutana na bomba la masega. Ukikuta inahitaji kuvutwa ili matundu yaingiane, usiivute kwa nati. Itapasuka kwenye mshono. Irudishe dukani, au ipeleke kwa mchomeleaji arekebishe.

Ikikaa vizuri, ishushe, weka gasketi mpya zikiwa kavu. Usipake silikoni. Haivumilii joto la hapo, na mvuke wa silikoni nyingi unaiharibu sensa ya oksijeni. Paka grisi ya shaba kidogo kwenye meno ya stadi, pandisha heda, na ingiza nati zote kwa vidole. Ukisikia nati imekataa vidole, itoe uangalie meno; usiisaidie na spana.

Kisha funga kiungo cha nyuma na kishikio cha giaboksi, navyo kwa vidole tu. Kila kitu kining'inie kikiwa kimelegea. Tikisa heda kwa mkono ili itafute mahali pake. Kisha kaza kwa mpangilio: kwanza nati za kichwa cha injini, ukianzia za katikati kwenda za pembeni, upande huu kidogo, upande ule kidogo, kwa awamu tatu. Nyuma inafuata, na kishikio kinakuwa cha mwisho. Anayekaza nyuma kwanza anaifanya heda iwe na mvutano wa kudumu, na heda yenye mvutano ndiyo inayopasuka baada ya miezi.

Kwa EJ isiyo na turbo kiwango cha nati za kichwa ni kama 30 N·m. Kihakikishe kwenye kitabu cha gari lako. Hiyo si nguvu kubwa. Mtu mwenye mkono mrefu wa soketi na hamu ya kubana "mpaka iseme" anaipita mara mbili bila kujua, na meno ya aluminiamu hayana uvumilivu huo. Kumbuka pia kwamba grisi inapunguza msuguano, kwa hiyo ukisikia spana ya toki imelia, umefika. Usiongeze.

Sensa irudishe kwa grisi kidogo kwenye meno tu, isifike kwenye ncha. Waya wake upite mbali na bomba, na ukiwa mrefu ufunge juu.

Sasa pitisha kidole kuzunguka heda yote. Kati yake na sampu (chombo cha oili chini ya injini), mpira wa ekseli, raki ya stelingi na waya zozote, kidole kipite bila kubanwa. Injini hucheza ukikanyaga mafuta, kwa hiyo palipo na nafasi ndogo leo patagusana kesho. Zungusha stelingi hadi mwisho pande zote mbili huku unaangalia. Halafu shika filta ya oili. Kwenye EJ iko chini, imezungukwa na mabomba haya, na kuna heda ambazo zikishafungwa filta haitoki tena. Hakikisha mkono wako unaifikia na kwamba ina njia ya kushuka, kabla gari halijashuka chini.

Kuwasha

Fanya hivi nje, hewani. Moshi wa gari una monoksidi ya kaboni, na heda iliyofungwa vibaya inaumwaga moja kwa moja chini ya boneti, kutoka hapo hadi ndani ya gari.

Rudisha betri, washa, sikiliza. Dakika za mwanzo ndizo za kusikia uvujaji, kabla chuma hakijatanuka na kujiziba. Sauti yake ni ya tik-tik-tik inayokwenda na mzunguko wa injini. Msaidizi azibe kidogo mdomo wa bomba la nyuma kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache, nawe usikilize kila kiungo ukiwa na kipande cha mpira wa maji sikioni. Kinaonyesha palipovuja kwa usahihi. Uvujaji ulio mbele ya sensa si kelele tu. Kati ya pigo na pigo bomba linavuta hewa ya nje, sensa inaona oksijeni nyingi, kompyuta inadhani mchanganyiko ni mwepesi, na inaongeza petroli isiyohitajika. Ukiona gari limeanza kunywa baada ya kufungwa heda, anzia hapo.

Moshi mweupe na harufu ya kuungua kwenye heda yenyewe ni kawaida kwa dakika kumi na tano hivi. Rangi ya dhahabu ikianza kujitokeza karibu na flenji, kisha bluu, ndivyo chuma cha pua kilivyo. Acha injini ipate joto kamili, izime, na uiache ipoe kabisa, hata ikibidi hadi kesho yake. Halafu ingia na spana ya toki urudie nati zote kwa kiwango kile kile. Utakuta baadhi zimelegea, maana gasketi imejibana. Rudia tena ukishatembea kama kilomita 100, na kila mara iwe baridi.

Taa ya injini ikiwaka, soma msimbo kabla ya kumsikiliza yeyote. P0171 ni mchanganyiko mwepesi, na mara nyingi ni uvujaji niliouelezea. P0420 inahusu masega. Ikija mara tu baada ya kazi, kagua kiungo cha nyuma na waya wa sensa ya pili, ile iliyo baada ya masega, kabla hujayalaumu. Msimbo wa hita ya sensa mara nyingi ni plagi isiyoingia hadi mwisho.

Kitambaa cha kufunga heda kisubiri. Kinapunguza joto chini ya boneti, lakini kinashika unyevu, na heda ya chuma cha kawaida iliyovishwa kitambaa Tanga au Mombasa inaliwa na kutu bila wewe kuona. Ukihitaji kupunguza joto, kupakwa kauri ni ghali zaidi lakini kunailinda. Ngao za joto za kiwandani zilizokuwa juu ya mpira wa ekseli na raki, zirudishe hata kama zinahitaji kukatwa kidogo zitoshee.

Wiki ya kwanza, kila ukishapita kwenye matuta mabaya, chungulia chini uangalie mikwaruzo kwenye sehemu ya chini ya heda. Bomba la zamani likaushe, lipake mafuta kidogo kwenye flenji, lifunge na nati zake kwenye mfuko, uliweke pakavu. Siku heda ikipasuka utalifunga kwa saa chache uendelee na safari, na siku ukiuza gari, mnunuzi anaweza kulitaka.